Matanga Ambayo Sikuyaanua

Esta mwanangu,

Tangu asubuhi nakusikia huko chumbani ukikunja nguo na wifi yako, mkibishana kama blanketi litaingia kwenye begi au litafungwa pembeni kwa kamba. Mimi niko hapa barazani na daftari. Naandika mistari minne, napumzika, naandika tena. Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kumsalimia mkuu wa shule ukifika Tunduru. Hayo umeshaambiwa na watu wenye pumzi kuliko mimi. Nina jambo moja tu la kukupa, na nimeshindwa kulitoa kwa mdomo. Jana baada ya chakula nilikuita nikuambie, nikaishia kukuuliza kama umekata tiketi, nawe ukanionyesha tiketi.

Daktari umemsikia mwenyewe. Alisema moyo wangu umechoka, na hakuna dawa ya kuupa ujana. Sikulalamika, nimekula chumvi ya kutosha. Ila mtu akishaambiwa hivyo, vitu alivyovifukia vinaanza kujifukua vyenyewe.

Jana kanisani walikuaga vizuri sana. Mchungaji alikuita mbele, akakuwekea mikono, kisha akawasimulia watu ile hadithi ambayo umeisikia tangu unanyonya: kwamba baba yako, akiwa mwalimu mkuu kule upande wa Handeni, ndani kabisa ukiiacha barabara ya Kabuku, alisimama mstarini mbele ya shule nzima akaomba, na kuanzia siku ile shule ikawa inaanza na sala kila asubuhi, katika kijiji ambacho Wakristo walihesabika kwa vidole. "Huyo ndiye mzee wetu," akasema, na watu wakageuka kunitazama. Kisha wewe ukashika kipaza sauti ukasema, "Na mimi nikifika kituoni kwangu, nitaanzisha sala mstarini kama baba." Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, "Mzee, umezaa!"

Nami nikapiga makofi, Esta. Hilo ndilo lililoninyima raha tangu jana. Ningeweza kukaa mikono mapajani, watu wangesema ni uzee. Nikapiga makofi.

Hadithi ile ni ya kweli mpaka nusu yake. Nusu nyingine mama yako aliijua na hakuisema, kwa sababu alikuwa mke mwema, na mimi sikuisema kwa sababu nilikuwa mwoga. Sasa isome.

Shule ile ilikuwa na majengo mawili na choo kimoja. Watoto wengi walikuwa wa Kizigua, Waislamu, wazazi wao wakilima mahindi, mihogo na machungwa. Wakristo walikuwa watoto wa walimu, wa bwana shamba, na wa familia chache zilizoshuka kutoka kwetu Usambara kutafuta mashamba. Nyuma ya kijiji palikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mwaka wangu wa pili pale, mtoto wa darasa la tatu aliingia lambo lile kuoga baada ya masomo, hakutoka. Wanaume walimtafuta kwa fito. Alizikwa alasiri ya siku iliyofuata, na walimu wote tulikwenda makaburini, tukasimama nyuma na kofia zetu mikononi wakati wenye dini yao wanamswalia.

Asubuhi baada ya maziko, kengele ililia watoto wakapanga mstari. Mwalimu wa zamu akawaambia waimbe, hawakuimba. Walikuwa wanatazama nafasi moja kwenye safu ya darasa la tatu ambapo hakuna aliyetaka kusimama. Nilitoka ofisini nikawaona hivyo. Sikupanga kitu. Nikasogea mbele nikasema, "Tuombe," nikaomba kwa Kiswahili rahisi, nikamtaja yule mtoto kwa jina, nikamwomba Mungu awashike mkono wenzake. Watoto wakalia. Mwalimu Saidi, msaidizi wangu, Mwislamu safi, akaitikia "Amina" kwa sauti, na shule nzima ikamfuata.

Hiyo ndiyo sala anayoisimulia mchungaji. Siijutii. Hata leo nikisimamishwa mbele za Mungu nitasema ile ilikuwa sala.

Kesho yake nikaomba tena, na kesho kutwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Niliona shule imetulia, utoro umepungua, nikajiambia kwamba Mungu amenipa njia. Nikaandika maneno mafupi, sentensi sita, yakimalizikia kwa jina la Yesu, nikayaweka kwenye ubao wa kila darasa ili wayakariri. Halafu nikawapa viranja kazi ya kutazama nani hafumbi macho na nani hatamki. Halafu aliyechelewa sala akawa anafagia uwanja. Huo mwisho, mwanangu, haukuja siku moja. Kila hatua ilikuwa ndogo na kila hatua niliipa sababu nzuri. Lakini ilipofika pale ambapo maneno yangu na Mungu yanalindwa na kiranja mwenye fimbo, haikuwa sala tena. Ilikuwa gwaride.

Mzee Athumani alikuja ofisini mwezi wa tatu wa sala hiyo. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mkulima wa machungwa, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alikuja na wazazi wengine watatu, wakabaki mlangoni, yeye akaingia.

"Mwalimu, habari za kazi?"

"Njema, Mzee Athumani. Karibu kiti."

"Nitasimama, sina marefu. Mwalimu, mtoto wetu alipokufa uliwaombea wenzake. Tuliposikia tulishukuru, hata mama yake alishukuru. Lakini sisi hapa msiba una siku zake. Watu wanalala chini, wanalia, siku zikitimia matanga yanaanuliwa kila mtu anarudi kwake. Sasa wewe mbona matanga yako huyaanui?"

Nikamwambia sala haimdhuru mtu.

"Sawa. Basi kesho tumlete ustadhi aombe kwa Kiarabu, na wewe ufumbe macho uitikie. Kama haidhuru."

Wale wa mlangoni wakacheka. Mmoja akasema, "Hapo umebanwa, mgosi," kama wanaume wa kule wanavyoitana, na wakazidi kucheka. Hakuna aliyenitukana. Lakini mimi nilikuwa mtu wa chuo, nilikuwa nimesoma vitabu ambavyo wao hawajaona hata majalada yake, na niliona mkulima mwenye matope miguuni ananichezea ofisini kwangu. Nikasema, "Mzee, shule hii ina mkuu mmoja."

Akanitazama kidogo. "Na ina wazazi wengi," akasema, akatoka.

Ningeweza kumfuata. Kutoka mezani mpaka mlangoni ni hatua tano. Nimezipima hatua hizo kichwani mara nyingi kuliko safari zote nilizowahi kusafiri.

Mzee Athumani alikuwa na binti, Zaina, darasa la sita. Mfupi, kwa hiyo husimama safu ya mbele. Hesabu zake nilikuwa nazichukua kuwaonyesha darasa la saba. Baada ya baba yake kuja ofisini, Zaina akawa anasimama mstarini kimya. Hasemi, hafumbi macho, mikono ameishusha tu, ananitazama. Hakuwa na kiburi. Leo najua alikuwa amesimama katikati ya baba wawili, mmoja nyumbani na mmoja shuleni, anatafuta pa kuweka macho. Siku ile nilichoona ni Mzee Athumani, mfupi, amevaa sare, ananicheka.

Siku ya nne nikamwita mbele.

"Wewe unaangalia nini?"

"Naangalia mbele, mwalimu."

Watoto wakacheka. Kicheko kilekile cha mlangoni, ndivyo nilivyokisikia.

"Haya, kwa kuwa unaona sana, tuongoze. Sala yote. Kwa sauti."

Alinitazama, kisha akamtazama Mwalimu Saidi. Mwalimu Saidi akainamisha kichwa. Basi akaanza. Alizijua sentensi zote sita, neno kwa neno, bila kukosea, kuliko hata watoto wa walimu. Alipofika ile ya mwisho, yenye jina ambalo baba yake alimkataza kulitamka kwa namna ile, sauti ikakatika, nami nikasema, "Malizia." Akamalizia. Nilipotazama chini nikaona mkojo unamtiririka miguuni mpaka kwenye vumbi.

Hakuna mtoto aliyeitikia Amina. Shule nzima, hakuna. Nikaamuru kengele ipigwe.

Nakuandikia hili kama lilivyokuwa, kwa hiyo nitaandika na hili: nilipokuwa narudi ofisini nilikuwa nimeridhika.

Mama yako alikuwa ameona kila kitu, nyumba yetu ilitazamana na uwanja. Nilipokwenda kunywa chai hakunimiminia. Alisema, "Baba Daudi, leo umemshinda nani?" Nikamwambia mambo ya shule ayaachie shule. Akasema, "Mtoto wa watu wa miaka kumi na miwili. Nakuuliza, umeshinda?" Akachukua ndoo akaenda kisimani, na maji yalikuwa tele mtungini.

Zaina hakurudi shule. Wiki ya kwanza nilijua yuko wapi, ya pili nilijua, na sheria ilinitaka nimfuate nyumbani kwao. Nilijua nikimfuata nitamkuta Mzee Athumani kiambazani, naye ataniuliza lile swali lake tena. Nikangoja siku zitimie, nikafungua daftari la mahudhurio nikaandika mbele ya jina lake "mtoro", nikamfuta. Mikono yangu hii. Mtoto niliyemfukuza kwa mdomo nikamwandika kwamba amekimbia.

Kisha nikaogopa kwamba baba yake atakwenda wilayani, nikaamua kumtangulia. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji nilisimama mbele ya watu wote, mtendaji wa kata akiwepo, nikasema kuna mzazi anayewatoa watoto shuleni na kuwagawa wanakijiji kwa dini zao. Nikamtaja. Nikasema, "Mzee Athumani ni mchochezi wa udini." Unajua uzito wa neno hilo katika nchi yetu, mwanangu. Mwizi wa mbuzi hulipa mbuzi, yakaisha. Mchochezi wa udini halipi, jina halimtoki. Polisi walimchukua, akalala mahabusu siku mbili, akaondolewa kwenye kamati ya shule. Aliporudi, majirani waliokuwa wanakaa naye jioni wakawa na shughuli. Si kwamba walimchukia, walikuwa wanaogopa kuonekana naye. Mtu aliyekuja kuniomba nisiingize dini kwenye shule ya serikali akabaki na jina la mtu aliyeingiza dini, na mimi niliyeingiza nikabaki mwalimu mcha Mungu. Miaka miwili baadaye nikahamishwa kuja Korogwe. Hapa sikuanzisha sala. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa najua utauliza, "Baba, kwani sala imekosa nini? Si wewe uliyekosa?" Ni swali zuri, na nimekaa nalo miaka mingi. Mchungaji wetu husema kwamba nchi ikiacha kuomba itapotea, na mimi sina ubishi naye. Mimi mwenyewe naomba asubuhi na jioni, wewe unanisikia. Wala sijawahi kuchukizwa na mikutano yetu, shehe akianza dua, mchungaji akifuata, kisha mwenyekiti akasoma ajenda. Hiyo ni adabu ya watu wazima wanaoishi pamoja. Asiyependa anasimama nje anavuta tumbaku yake, anaingia dua ikiisha, hakuna anayemuuliza. Lakini mtoto aliyepangwa mstarini hana pa kusimama nje. Akitoka ni mtoro, akinyamaza ni mjeuri, akisema amemkosea baba yake. Na anayemfanyia hivyo si mimi Yonathani, Mkristo. Ni mwalimu mkuu, mwenye kengele ya serikali, daftari la serikali na mshahara unaotoka kwa wote, pamoja na Mzee Athumani aliyekatwa ushuru kwa kila gunia la machungwa.

Husemwa kwamba serikali yetu haina dini, wenye dini ni watu wake. Nilipokuwa kijana nilidhani ni maneno ya wanasiasa ya kukwepa. Nilichelewa kuelewa kwamba ndiyo yaliyonilinda mimi. Fikiria unakokwenda. Huenda kwenye shule yako mpya mtakuwa Wakristo wawili watatu, na huenda mkuu wako ni mtu mzuri anayependa dini yake kama mimi nilivyopenda yangu. Wewe utataka akufanyie nini pale mstarini? Sikujibii.

Hata hivyo nilikuwa na nafasi ya kujifunza mapema. Shule ya misheni niliyosoma huko milimani haikuwa na nafasi ya jina Shabani, kwa hiyo Shabani, rafiki yangu wa dawati moja, aliandikwa Stefano. Aliitwa Stefano miaka saba, akaitika Stefano. Tukishuka kilima jioni kurudi nyumbani, tukifika kwenye mto alikuwa anajimwagia maji usoni anasema, "Stefano nimemwacha, sasa niiteni," na sisi tunaita "Shabani!" kwa kelele, tunacheka mpaka tunakaa chini. Nilicheka miaka saba, Esta. Haikunijia hata siku moja kumuuliza kama yeye mwenyewe anacheka.

Mwezi uliopita niliwaambia nyote kwamba nakwenda hospitali Handeni kwa mtaalamu wa moyo. Niliwadanganya, mnisamehe. Nilimwomba kaka yako Daudi anipeleke Kabuku. Nilikuwa nimeshaulizia, nikaambiwa Zaina yuko pale barabarani, ana meza yake ya machungwa, si ya kubahatisha, ana wateja wanaosimamisha magari. Daudi alipaki mbali kidogo, nikatembea kwa mkongojo wangu. Alinijua kabla sijafika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Zaina."

"Jamani, mwalimu, umezeeka!"

"Na wewe umekuwa mama wa watu."

"Watatu. Kaa hapa kwenye kreti, hilo haliumi. Nikukatie chungwa?"

Akalimenya, akalikata, akanipa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikaanza kuyasema chungwa likiwa mkononi, na juisi inashuka mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia nilimfanyia ubaya, nilimfuta shule kwa uongo, nilimpaka baba yake matope. Alinisikiliza huku anapanga machungwa yake mafungu mafungu. Nilipomaliza akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile sala, mwalimu, mpaka leo naijua yote. Sikutaka kuijua. Nikiwa jikoni napepeta mchele inakuja yenyewe. Nikiswali, saa nyingine inakuja katikati, inabidi nianze upya. Naweza kuisema sasa hivi hapa. Niiseme?"

"Usiseme, mama. Tafadhali."

"Nakutania tu," akasema, lakini hakuwa anatania. "Wewe ni mwalimu, uliniingizia. Ungejua namna ya kuitoa ningeshukuru."

Nikamwambia sijui. Nikamwomba anisamehe.

"Mimi nilishakusamehe siku nyingi. Ningekubeba wewe na hizi beseni za machungwa ningevunjika mgongo. Hesabu ninazo bado, hakuna anayenipunja hapa. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu, na asubuhi simwambii afumbe macho wala afumbue, namwambia awahi. Lakini baba yangu alikufa anaitwa mchochezi. Siku ya maziko yake watu walikuwa wachache. Hilo mimi nikusamehe kama nani?"

"Nifanye nini, Zaina?"

Basi likasimama, wakakimbilia wateja, naye akainuka akauza, akarudi. Akasema bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia:

"Ulimwita mkutanoni, mbele ya watu. Iweje uje kuniambia mimi hapa kwenye kreti? Nenda mkutanoni. Wengine bado wapo waliokusikia. Wasikie tena."

Tulipokuwa njiani kurudi, tumeshapita Segera, Daudi akapunguza mwendo. Alikuwa amesikia yote, alisogea karibu bila mimi kujua. Kisha akasema, "Baba, hapana. Ulishamwomba msamaha, yatosha." Akaongeza: "Esta ndiyo kwanza anaajiriwa. Ana jina lako kwenye barua ya ajira. Siku hizi mtu akisema neno mkutanoni, kabla hajakaa chini limeshafika kwenye simu za watu wote. Utamharibia mtoto kabla hajashika chaki." Kaka yako anakupenda. Usimlaumu kwa hili, wala usimwambie nimekuandikia maneno yake.

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji kile. Ni kijana, babu yake alikuwa kwenye mkutano ule. Alinishangaa. "Mzee wangu, hayo ya kale, waliohusika wengi wametangulia. Kwa nini usipumzike?" Nikamwambia ndiyo maana nina haraka. Akacheka, akasema basi ataniweka kwenye mengineyo. Nimemkatalia mengineyo. Nilipomtaja Mzee Athumani sikumtaja kwenye mengineyo, nilikuwa ajenda namba mbili, ya elimu. Amekubali. Mkutano ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Daudi bado amekasirika, lakini atanipeleka. Nikishindwa kusimama nitasema nimekaa.

Nitasema kwamba Mzee Athumani hakuchochea kitu. Alikuja ofisini kwangu kwa heshima na akasema kweli, nami nikamwogopa nikamwita jina baya. Nitasema Zaina hakuwa mtoro. Nitasema kwamba sala ile, baada ya siku zile za msiba, haikuwa na haki ya kuwepo pale, na kwamba aliyeiweka ni mimi wala si Mungu. Najua baadhi ya ndugu zetu wa kanisani watasema nimegeuka, nimewauza. Wengine watafurahi kwa sababu mbaya, watanitumia kama fimbo ya kuwapiga Wakristo. Nimewaza hayo yote. Lakini Mzee Athumani naye alisingiziwa na watu wenye sababu zao, na mimi ndiye niliyewaanzishia.

Ningeweza kungoja mpaka uzoee kazi, miezi sita, mwaka. Sina miezi sita, na hata ningekuwa nayo, nakujua: ndani ya wiki mbili ungekuwa umeshapanga watoto mstarini na kuwafundisha maneno, kwa moyo mweupe, ukijua unamheshimu baba yako. Sikukatazi kitu, Esta. Wewe ni mwalimu mwenye cheti chako na dhamiri yako. Nimekataa tu uanze kazi juu ya hadithi isiyo na nusu yake.

Kama unaona nimekukosea kwa kulisema jina letu hadharani wakati huu, una haki ya kuniambia. Kesho tukiwa stendi, kabla basi halijaondoka, niambie. Sitabadili nia, lakini ningependa kulisikia kwako kuliko kulikisia. Na kama hutakuwa na la kusema, tutakaa tu pale mpaka wakuite upande.

Alhamisi mchana simu yako itaita. Anaweza kuwa mtu wa kanisani, anaweza kuwa binamu yako, anaweza kuwa mtu usiyemjua. Ataanza kwa kukuuliza, "Umesikia baba yako alichokisema?" Mjibu kwamba umesikia, siku tatu kabla yake, na ni baba yako aliyekuambia.

Mimi niliyekuzaa,
Yonathani
Kilole, Jumatatu, jua likielekea kuzama